Mkato mmoja katika daftari la maziwa

Alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya malipo asubuhi ile. Mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na bibi yule alikuwa amelifunga daftari lake ndani ya kitambaa ili lisilowe. Alilifungua mezani bila haraka, akaiweka kando yake karatasi ya malipo iliyochapishwa na mfumo wetu, kisha akaweka kidole kimoja kwenye tarehe katika daftari na kingine kwenye tarehe ileile katika karatasi. Daftari lilisema lita 8 na nusu. Karatasi ilisema lita 85.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "mimi nina ng'ombe mmoja. Hizi lita nyingine ni za ng'ombe wa nani?"

Sikuwa na jibu.

Mfumo ule niliuandika mimi, na siku hiyo nilikuwa nimefika kituoni kusaidia tu uchapishaji. Bibi hakuja kulalamika kwamba amepunjwa. Alikuja kurudisha lita 76 na nusu ambazo si zake, na kwa kufanya hivyo alinionyesha kosa ambalo limenikaa kichwani kwa wiki sita sasa. Tulisimamisha malipo hadi mchana, nikakaa kwenye benchi na kompyuta mapajani, nikaanza kutafuta. Nilikuta mistari 37 ya namna hiyo, yote kutoka kituo kimoja, yote ndani ya siku kumi na mbili.

Kila mmoja ulikuwa umepita kwenye funksheni, yaani kipande kidogo cha programu, niliyoiandika kwa mkono wangu kwa ajili ya kuhakiki namba, na kila mmoja ulikuwa umepewa jibu la kwamba ni namba halali.

## Alasiri moja Mbeya mjini

Kanzidata yetu, yaani programu inayotunza kumbukumbu zote, ni PostgreSQL. Makarani wa vituo huandika lita kwenye vishikwambi, na mtandao ukipatikana maandishi hayo hutumwa kwenye seva yakiwa bado maandishi, kisha hugeuzwa kuwa namba. Mwanzoni niliacha PostgreSQL yenyewe ifanye kazi hiyo. Ilikuwa kali kuliko nilivyopenda. Mtu akiandika "1,250" inakataa. Akiweka herufi baada ya namba inakataa. Na ikikataa mstari mmoja, shehena nzima ya asubuhi inarudi ilikotoka.

Kwa hiyo alasiri moja, nikiwa Mbeya mjini, niliandika funksheni yangu. Ilipokea maandishi, ikaondoa nafasi tupu, ikaondoa mikato yote kwa sababu sisi tumefundishwa shuleni kwamba mkato hutenga maelfu, kisha ikatazama kama kilichobaki ni tarakimu zenye nukta moja au zisizo na nukta kabisa. Kama ndivyo, inarudisha namba. Kama sivyo, inarudisha NULL, yaani thamani tupu. Niliijaribu kwa mifano kumi hivi niliyoitunga mwenyewe, yote ikapita, nami nikafunga kompyuta nikiwa nimeridhika.

Mifano yote kumi ilikuwa ya mtu anayeandika kama mimi.

"8,5" ilipofika, funksheni iliondoa mkato, ikaona 85, ikaridhika. Haikuyumba hata kidogo. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi nilipokuwa nimekaa pale kwenye benchi, kwamba kosa halikuacha alama yoyote ya shaka. Laiti PostgreSQL ingeachwa na ukali wake, ingeukataa mstari ule, na karani angejua siku ileile.

## Swali lililoulizwa vibaya

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma jinsi wengine wanavyolishughulikia jambo hili, na nilichokikuta kilinipunguzia upweke lakini hakikunipunguzia wasiwasi. SQL Server, kanzidata nyingine, ina funksheni iitwayo ISNUMERIC, ambayo hurudisha 1 hata ukiipa alama ya dola peke yake, kwa sababu swali inalojibu ni kama maandishi hayo yanaweza kugeuzwa kuwa aina yoyote mojawapo ya namba, fedha ikiwamo. Ukiipa "8,5" inasema ndiyo, na ukiyageuza maandishi hayo kuwa aina ya fedha unapata 85. Kosa langu hasa, likiwa ndani ya programu inayotumika dunia nzima. Tangu toleo la mwaka 2012 wameongeza TRY_CAST na TRY_CONVERT, ambazo zinakutaka utaje kwanza aina ya namba unayoitaka, na hilo ni bora zaidi. MySQL nayo, kanzidata ya tatu, ukiitumia "8,5" ndani ya hesabu, husoma mpaka inapokutana na mkato, inachukua 8, inatoa onyo ambalo watu wengi hawalisomi, na kuendelea mbele.

Kanzidata tatu, maandishi yaleyale, na majibu yanatofautiana: 85, au 8, au kukataliwa. Hakuna hata moja iliyosema 8.5, ambalo ndilo alilolimaanisha mtu aliyeandika.

Nilitaka kumlaumu aliyeandika mkato. Nikakuta sina haki hiyo. Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo, katika kikao chake cha 22 mwaka 2003, ulikubali kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, na ukarudia kwamba maelfu yatenganishwe kwa nafasi tupu, bila nukta wala mkato. Ujerumani na Ufaransa huandika mkato. Jirani zetu wa Msumbiji, waliorithi uandishi wa Kireno, huandika mkato. Kwa kipimo hicho "8,5" ni namba iliyoandikwa sawasawa, na ni mimi niliyeisoma vibaya.

Ndipo nilipoanza kuona kwamba funksheni yangu iliuliza swali lisilofaa. Iliuliza: je, ninaweza kupata namba humu ndani? Ukiwa na nguvu ya kutosha ya kukwangua, unaweza kupata namba ndani ya chochote. Swali lililopaswa kuulizwa lilikuwa: je, maandishi haya yana maana moja tu?

## Toleo kali

Nilipitia hatua ambayo nadhani wengi wetu huipitia baada ya kuumwa: niligeuka kuwa mkali kupita kiasi. Niliandika funksheni ya pili yenye kiolezo kifupi sana, yaani tarakimu moja hadi tatu, kisha, ukipenda, nukta yenye tarakimu moja au mbili, na hakuna kingine chochote kabla wala baada. Kisichofuata kiolezo kinarudi kikiwa NULL. Kwenye safu ya lita niliweka sharti la CHECK, yaani kanuni ambayo kanzidata huikagua kabla ya kupokea mstari, linalotaka thamani iwe kubwa kuliko sifuri. Niliamini nimefunga mlango na madirisha.

Wiki moja baadaye baba mmoja alipiga simu kuuliza kwa nini siku zake mbili hazimo.

Hapa inanibidi nieleze kitu ambacho nilikuwa nimekisoma zamani na kukisahau. Katika SQL, lugha ya kuzungumza na kanzidata, ukweli una hali tatu, yaani kweli, si kweli, na haijulikani. Ukiuliza kama NULL ni kubwa kuliko sifuri, jibu ni haijulikani. Sharti la CHECK hukataa pale tu jibu linapokuwa si kweli. Jibu lisilojulikana hulipitisha. Kwa hiyo maandishi "7½" ya baba yule yaligeuzwa kuwa NULL, NULL ikapita kwenye sharti bila kuguswa, na SUM, ambayo kwa kawaida huziruka thamani tupu kimyakimya, ikajumlisha siku zake nyingine kana kwamba siku hizo mbili ng'ombe wake hawakukamuliwa.

Maziwa yake yalikuwa yamekwisha kumiminwa tangini.

Nilikaa na jambo hili muda mrefu kuliko lile la kwanza. Kosa la kwanza liliwagharimu wanaushirika wote kwa pamoja, na likagunduliwa na mtu aliyezidishiwa. Kosa la pili lilimgharimu mfugaji mmoja, na lilitokana na ule ukali niliouona kuwa ni uadilifu. Fomu ya kujisajili ikikataa namba ya simu yenye kasoro, mtu huandika upya na hakuna kilichopotea. Lakini mfugaji aliyetembea na ndoo tangu saa kumi na moja alfajiri amekwisha kutoa alichonacho, na maandishi ni kivuli tu cha tendo lililokwisha kufanyika. Kuyakataa maandishi hakuwezi kuyarudisha maziwa kwenye ndoo.

Ningeweza kuongeza NOT NULL, yaani sharti la kukataa thamani tupu, na hatimaye niliongeza mahali panapofaa. Lakini kuiongeza peke yake kungerudisha tatizo la mwanzo, ambapo mstari mmoja unakataliwa na shehena ya watu arobaini inarudi nao.

Nilipokuwa nikijaribu haya niligundua pia jambo ambalo sikulitarajia. PostgreSQL inakubali neno "nan" kuwa thamani ya NUMERIC, aina ya data ya namba zenye desimali, likiwa na maana ya kitu kisicho namba, na katika kulinganisha hulihesabu kuwa kubwa kuliko namba zote. Hivyo linapita kwenye sharti la kubwa kuliko sifuri bila shida, na likishaingia, jumla ya mwezi mzima inageuka kuwa NaN. Kinachoweza kulizuia ni kikomo cha juu. Tangu siku hiyo siweki sharti lenye upande mmoja kwenye safu ya kipimo chochote. Nikisema si chini ya hapa, nasema pia si juu ya pale.

## Kilichokuwa kwenye kibodi

Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala hadi kituo chenye mistari ile 37, nikafika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Sikuwahi kuiona kazi ile ikifanyika. Niliuandika mfumo kwa kuelezwa.

Kulikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa haujainuka. Wafugaji walikuwa wamepanga ndoo na keni zao ukutani. Karani, dada mmoja mwenye mikono iliyolowa muda wote, alipima uzito mahususi kwa laktomita, akamimina kwenye kipimo, akatamka kiasi kwa sauti ili mwenye maziwa asikie, akaandika kwenye daftari la mfugaji, kisha akafuta vidole kwenye aproni na kuandika kwenye kishikwambi. Hakuna aliyesema "nane nukta tano". Wote walisema "nane na nusu", "sita na robo".

Nilimwuliza, kwa adabu niliyoweza kuipata, kwa nini alianza kutumia mkato.

"Kaka, nukta haipo," alinijibu, akanigeuzia kishikwambi.

Kishikwambi cha zamani kiliharibika, kikaletwa kingine, na hicho kilikuwa kimewekewa lugha na eneo la nchi inayotumia mkato. Kibodi ya namba ilionyesha tarakimu kumi, na pale ambapo nukta ilizoea kukaa palikuwa na mkato. Siku mbili za kwanza aliitafuta nukta, watu wakimsubiri kwenye baridi. Siku ya tatu alitumia alichopewa, na mfumo ukampa alama ya kijani ya kukubaliwa. Angejuaje?

Alama ile ya kijani niliiweka mimi.

Kuhusu "7½" maelezo yalikuwa mafupi zaidi. Karani wa zamu ya jioni alikuwa ameigundua alama ya nusu kwenye kibodi ya kawaida na kuiona ni sahihi kuliko zote, kwa kuwa ndivyo wafugaji wanavyosema na ndivyo inavyoandikwa madaftarini. Na ni kweli, ni sahihi.

## Majibu matatu

Toleo la tatu nimeliandika polepole, na bado nalirekebisha. Nitaeleza maamuzi yake makubwa, kwa sababu katika kuyafikia nilijipinga mwenyewe mara kadhaa.

Uamuzi wa kwanza ni kwamba maandishi ya karani hayafutwi. Yana safu yake, ni ya aina ya TEXT, yaani maandishi matupu, hayana sharti lolote isipokuwa kwamba lazima yawepo, na hakuna funksheni inayoruhusiwa kuyagusa. Namba hukaa katika safu ya pembeni. Zamani nilikuwa nikigeuza na kutupa, na kama bibi asingekuja na daftari, nisingekuwa na njia ya kujua kwamba 85 ilikuwa "8,5". Niliijua kutoka kwenye kumbukumbu za seva ambazo kwa bahati zilikuwa hazijafutwa. Safu hii inasaidia hata kwa jambo dogo kama kukadiria desimali. Safu ya NUMERIC yenye nafasi mbili za desimali ikipewa 8.125 huifanya 8.13 bila kusema neno, wakati namba iliyozidi upande wa kushoto huikataa kwa kelele.

Uamuzi wa pili ni kwamba funksheni hairudishi ndiyo au hapana. Inarudisha hali mojawapo kati ya tatu pamoja na namba: imekubalika, haisomeki, au ina pendekezo. "8.5" inakubalika. "nane" haisomeki. "8,5" inapata pendekezo la 8.5, na "7½" linapata pendekezo la 7.5.

Hapa ndipo nilipobishana na nafsi yangu zaidi. Mwenzangu mmoja wa Iringa, ambaye ni mpangaprogramu hodari kuniliko, alinionyesha kwamba mkato unaotenga maelfu hufuatwa daima na tarakimu tatu. Mkato unaofuatwa na tarakimu moja au mbili hauwezi kuwa wa maelfu, kwa hiyo "8,5" ina maana moja tu, na kuisubirisha ni kumchosha karani bure. Hoja yake ni sahihi. Hata "1,250" haina utata kwa mfugaji mdogo, maana hakuna mwenye lita 1,250 asubuhi moja.

Sikuikubali hata hivyo. Funksheni ya kwanza nayo ilikuwa na hoja nzuri wakati nilipoiandika, na iliharibu kwa sababu ilitenda juu ya hoja hiyo bila mtu kuona. Pendekezo linaonekana. Kesho yake asubuhi karani anaona orodha fupi juu ya kioo, mwenye maziwa yuko mbele yake na daftari mkononi, wanalinganisha, karani anabonyeza kukubali. Jina lake na tarehe vinaandikwa. Inachukua muda mfupi, na tangu kishikwambi kile kirekebishwe orodha huwa na mistari miwili au mitatu tu.

Uamuzi wa tatu ulihusu kitu ambacho funksheni haipaswi kukijua. Nilitaka sana ilinganishe lita za leo na wastani wa mfugaji huyo kwa wiki iliyopita. Ingemkamata bibi na lita zake 85 mara moja. Lakini funksheni ya kuhakiki nimeitangaza kuwa IMMUTABLE, maana yake maandishi yaleyale yapate jibu lilelile leo na mwakani, na funksheni ya namna hiyo haitakiwi kuchungulia majedwali mengine. Hata bila sheria hiyo nisingependa, maana ng'ombe huzaa, hukaushwa, huugua. Kwa hiyo ulinganishaji huo umewekwa kwenye ripoti ya jioni, ambako pia jumla ya madaftari inalinganishwa na kipimo cha tangi. Zamani tulifanya hivyo mwisho wa mwezi tu. Lilikuwa kosa, na halikuwa la kanzidata.

Wapo watakaouliza kwa nini nisitumie pg_input_is_valid, funksheni ya PostgreSQL yenyewe iliyoletwa na toleo lake la 16 mwaka 2023. Ni nyongeza nzuri. Kabla yake ilibidi kujaribu kugeuza ndani ya kizuizi cha EXCEPTION, yaani sehemu ya programu inayonasa makosa, na kila kizuizi hufungua muamala mdogo wa ndani, jambo linaloumiza mistari ikiwa maelfu. Lakini kinachojibiwa na funksheni hiyo ni kama maandishi yanaingia kwenye aina fulani ya data, na "nan" inaingia kwenye NUMERIC, "1e3" nayo inaingia ikiwa 1000. Lita za maziwa zina ufinyu wake ambao aina ya data haiujui.

## Mifano ya kweli

Mifano yangu kumi ya kutunga nimeitupa. Sasa ninayo mifano zaidi ya sitini, yote imetoka kwenye madaftari na vishikwambi: "8.5", "8,5", "8 1/2", "8.5l", "08.5", "8..5", "O8" yenye herufi badala ya sifuri, kistari kimoja cha mtu asiyeleta maziwa siku hiyo, na nafasi tupu ya karani aliyeitwa ghafla. Kila ninapoigusa funksheni, mifano hiyo yote inapitishwa upya. Kistari kilinisumbua, kwa sababu nilitaka kukisoma kama sifuri hadi karani aliponieleza kwamba kwao sifuri ni maziwa yaliyokataliwa kwa kuchachuka, na kistari ni mtu ambaye hakuja.

Tulipokuwa tukiyalinganisha madaftari na mistari ile 37, tulikuta mistari miwili mingine iliyokuwa kando yake, isiyo na mkato wala alama yoyote ya ajabu. Katika mmoja mfumo ulisema 15, daftari likasema 5. Karani alikumbuka mara moja na tukarekebisha. Katika wa pili mfumo unasema 6, daftari linasema 9, na wino umeloana kiasi kwamba hata mwenyewe hana hakika. Maandishi yote mawili yanapita kwenye kila toleo la funksheni yangu, na yatapita kwenye toleo lolote nitakaloliandika.

Mstari huo nimeuwekea hali ya kusubiri kwa mkono. Mzee mwenyewe amesema atakuja Jumatatu, baada ya kumwuliza mwanawe aliyekamua siku ile.